Kipanga wa uani Tabora: namna ya kumpiga picha na kumjua ni yupi

Kifaranga kikinyakuliwa uani, iwe Isevya, Ng'ambo au Cheyo, kelele inayopigwa ni moja tu: mwewe! Neno hilo linabeba zaidi ya aina kumi za ndege wawindaji wa Tabora, na wengi wao hawana habari na kuku. Yupo anayeishi kwa mijusi na panzi, yupo anayepasua viota vya mnana, yupo anayengoja kumbikumbi wa mvua za kwanza. Anayetaka kuwatenganisha anahitaji picha, ila si kila picha inasaidia. Kipanga aliyeelekea kamera, kifua mbele na macho makali, anapendeza kutundikwa ukutani, na mara nyingi picha hiyo haikuambii ni nani. Inayokuambia ni ile inayoonyesha kiuno (pale mgongo unapokutana na mkia), mkia kwa upande wa juu, ngozi ya pua juu ya mdomo pamoja na miguu, na rangi ya jicho. Ukivipata vitu hivyo vinne, hata picha ikiwa na ukungu kidogo, jina litapatikana.

Tuanze na uani penyewe. Kipanga hufuata ndege wadogo, na ndege wadogo hufuata nafaka, maji na mti wa viota. Kwa hiyo nyumba nyingi za Tabora zina kila kinachohitajika bila kutundika chombo chochote: mtama au mpunga ulioanikwa kwenye turubai, bomba linalovuja, mwembe wenye viota vya mnana. Ukitaka kuwavuta karibu na kamera, weka sinia bapa na umwage kiganja kimoja cha mtama, uwele au chenga za mchele asubuhi, kiasi cha kuisha kabla ya saa nne. Usiongeze. Nafaka inayobaki usiku huita panya, panya huita sumu ya panya, na kipanga au bundi anayekula panya mwenye sumu hufa naye. Nafaka yenye ukungu usiitoe hata kama umekusudia kuitupa, kwa sababu sumukuvu huua ndege pia.

Kuanzia Mei hadi Oktoba, maji yana nguvu kuliko nafaka. Kigae au beseni pana lenye kina cha sentimita 3 hadi 5, jiwe moja katikati la kukanyagia, na maji yanayomwagwa na kubadilishwa kila siku ili mbu wasizaliane. Kipanga mwenyewe naye huja kunywa na kuoga, na akioga hukunjua mkia wote. Hiyo ni nafasi ya kuuona mkia kwa juu kwa utulivu, na haitokei mara nyingi.

Sinia au beseni likae kama mita 3 kutoka kwenye kichaka au ua. Karibu zaidi ya hapo paka anapata pa kujibanza. Mbali zaidi, shomoro na tetere hawana pa kukimbilia. Kipanga anayewinda haji kutoka juu kama watu wanavyodhani. Anakuja chini chini akiufuata ua wa minyaa, anauvuka ghafla, na shughuli inaisha kwa sekunde mbili. Picha za mashambulizi yenyewe ni chache na nyingi huwa ukungu mtupu, kwa hiyo nguvu nyingi ziwekwe kwenye tawi atakalotua kabla au baada.

Tawi hilo ulisimike mwenyewe. Chukua tawi kavu lenye unene wa sentimita 2 hadi 4, lifunge kwenye nguzo iliyochimbiwa nusu mita ardhini, likae kwenye urefu wa mita 2 na nusu hivi. Umbali kutoka kiti chako uwe mita 6 hadi 8, na nyuma ya tawi pawe wazi angalau mita 10 ili majani ya nyuma yalainike. Kata vijitawi vyote vya pembeni vinavyoweza kupita mbele ya mkia. Watu husahau mkia, wanasafisha upande wa kichwa tu.

Sasa jambo ambalo naliona ni muhimu kuliko lenzi: upepo. Wakati wa kiangazi upepo wetu huvuma zaidi kutoka mashariki, na ukiwa na nguvu, ndege aliyetua huuelekea, la sivyo manyoya yake yanafumuka. Asubuhi, ukikaa mashariki ya tawi ili jua liwe mgongoni kwako, kipanga atakuelekea: utapata kifua na macho, hutapata kiuno. Jioni ukihamia magharibi ya tawi lile lile, jua likiwa tena mgongoni kwako, kipanga anayeuelekea upepo atakupa mgongo, kiuno na mkia wote. Kwa hiyo picha ya asubuhi na ya jioni hazilingani kazi. Akija mara mbili kwa siku, mpige pande zote mbili.

Saa nazo zizingatiwe. Tabora iko magharibi sana kulinganisha na saa tunayotumia nchini, kwa hiyo jua huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 1 asubuhi kulingana na mwezi, na linakuwa utosini karibu saa 7 kasorobo mchana. Mwanga mzuri ni kati ya saa 1 na saa 3:30 asubuhi, kisha kuanzia saa 10:30 jioni. Mchana kivuli cha paji la uso hufunika jicho la kipanga na rangi yake haionekani. Zaidi ya hapo, kuanzia saa 4 asubuhi bati linapata moto, na hewa inayotetemeka juu yake huharibu picha yoyote inayopigwa kuvuka paa. Watu hulaumu lenzi bure. Mkaribie ndege au badili kona isipite juu ya bati. Hakuna mpangilio wa kamera utakaotibu hilo.

Kamera yenye lenzi ya milimita 300 hadi 400 inatosha kwa uani. Kipanga aliyetua: kasi ya shata 1/800, tundu la lenzi f/5.6 au f/6.3, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iachwe ijipange yenyewe hadi 3200. Fokasi iwekwe kwenye nukta moja, la sivyo kamera itashika jani lililo mbele. Kipanga anayeruka: 1/2500 au zaidi, fokasi ya kufuatilia, eneo la katikati, picha za mfululizo. Mtu akitumia 1/500 kwa kipanga anayeruka, kichwa kinaweza kutoka safi lakini mabawa na mkia vinafutika, na mkia ndio tunaoutafuta. Chini ya kivuli cha mwembe kamera hujaribu kuung'arisha weusi wa majani na kumchoma ndege mwenye rangi nyepesi. Shusha mwanga wa picha kwa kitufe cha +/- hadi -0.7. Mawingu meupe ya masika yakiwa nyuma yake, pandisha hadi +1 au +1.3, kwa sababu bila hivyo kila kipanga atatoka mweusi.

Kwa simu peke yake mita 7 ni mbali. Ila simu ikiwekwa kwenye jicho la darubini ya 8x42, darubini ikiwa imetulia juu ya mfuko wa mchanga au ukingo wa dirisha, picha ya ndege aliyetua inatosha kabisa kumtambua. Ukipiga kutoka ndani, usipige kupitia wavu wa mbu wa dirishani; wavu hula ukali wa picha yote. Fungua kipande kidogo cha kupitisha lenzi.

Kuna dalili za kuruka ambazo zikijulikana zinaokoa memori kadi. Kipanga aliyetua akianza kukaza manyoya mwilini, akanyanyua mkia na kutoa kinyesi, kisha akainama mbele, ataruka. Kidole kiwe kinabonyeza tayari. Picha ya pili au ya tatu ya mfululizo huo, mabawa yakiwa juu na mkia umekunjuliwa, ndiyo inayokuonyesha kiuno kikiwa wazi. Ukipata moja tu katika mwezi mzima, imetosha.

Ya utambuzi sasa, na hapa tuende taratibu kwa wale watatu wanaochanganywa kila siku.

Wa kwanza ndiye anayeonekana sana mjini, Accipiter badius (hapa natumia majina ya kisayansi, na nikiyafupisha nataja neno la pili tu, kama badius). Ana urefu wa sentimita 26 hadi 30. Mgongo ni wa rangi ya majivu, na kiuno ni majivu yale yale bila weupe wowote. Mkia ukiwa umefungwa, kwa juu ni kijivu kitupu. Kifua kina mistari myembamba ya rangi ya kutu inayokikata kwa upana hadi tumboni. Jicho la dume ni jekundu, la jike ni la rangi ya chungwa. Ngozi ya pua na miguu ni ya njano. Huyu hukaa kimya ndani ya mti, hushuka kwa mjusi au panzi, na akishakamata hubaki ardhini kwa muda akiwa amekunjua mabawa kufunika windo. Usisimame. Ukibaki umekaa atakupa picha nyingi.

Wa pili ni Micronisus gabar. Kiuno chake ni cheupe, kipana, kinaonekana hata akipita kwa kasi. Koo na kifua ni kijivu kitupu. Mistari huanzia tumboni kushuka chini. Ngozi ya pua na miguu ni nyekundu inayoelekea chungwa, na jicho ni jekundu lililokolea. Ndiye anayeng'ang'ania viota vya mnana akivipasua kwa makucha kutafuta makinda, na ndiye anayefukuza ndege mdogo mbali sana, akizunguka ua na nyumba, pale ambapo wengine wangeshakata tamaa. Baadhi yao ni weusi mwili mzima, na hao hawana kiuno cheupe. Usimwite mweusi kabla ya kuona miguu myekundu, kwa maana picha yenye giza humgeuza kila kipanga kuwa mweusi.

Wa tatu ni Accipiter minullus, mdogo kuliko wote, sentimita 20 hadi 27, uzito wa gramu 70 hadi 105. Dume lake ni dogo kuliko tetere. Mkia kwa juu ni mweusi wenye madoa mawili meupe yaliyopangana kwenda chini, na kiunoni ana ukanda mwembamba mweupe. Jicho ni la njano. Ukiona madoa yale mawili umemaliza kazi.

Makinda ya wote watatu huvuruga watu, kwa sababu yote ni ya kahawia na yana macho ya njano. Hata gabar, akiwa mchanga, miguu yake bado ni ya njano. Rudi kwenye kiuno na mkia: havidanganyi. Kisha angalia kifua. Kinda la badius lina michirizi ya wima kifuani na mistari ya upana ubavuni. La minullus lina madoa kama matone. La gabar lina michirizi mizito iliyokaa ovyo.

Tahadhari moja kubwa ni jua la jioni. Kuanzia saa 12 hivi, hasa Agosti na Septemba moshi wa mashamba ukiwa angani, mwanga huwa mwekundu na ngozi ya pua ya njano hutoka rangi ya chungwa kwenye picha. Ndivyo badius anavyogeuzwa gabar. Usitaje jina kwa rangi ya miguu peke yake katika picha ya saa hizo. Ukiweza piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), kisha urekebishe rangi kwa kutumia kitu unachokijua ndani ya picha, kama ukuta uliopakwa chokaa.

Ukubwa nao hudanganya, na jike wa kipanga huwa mkubwa kuliko dume, kiasi kwamba jike wa badius na dume la gabar karibu wanalingana. Lakini akitua juu ya bati una rula tayari. Pima migongo ya bati lako. Kwa bati la migongo lililozoeleka, kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni kama milimita 76. Kipanga aliyesimama ubavu, akikingamana na migongo, ukihesabu kutoka kichwani hadi ncha ya mkia na ukapata chini ya mitatu, fikiria minullus. Minne kasoro ni badius. Akikaribia mitano ni gabar jike au ndege mwingine kabisa.

Mwingine huyo mara nyingi ni Kaupifalco monogrammicus, anayekaa kwenye nyaya za umeme. Alama yake haina mjadala: koo jeupe lenye mstari mmoja mweusi wa wima katikati, na mkia mweusi wenye ukanda mweupe, mara chache miwili. Jicho jeusi, miguu myekundu. Anakula mijusi na wadudu wakubwa. Ni ndege wa kuachwa kabisa kwa amani.

Mkubwa wa kijivu mwenye mabawa mapana na uso usio na manyoya, wa njano, unaogeuka mwekundu akichangamka, ni Polyboroides typus. Miguu yake hukunjika hata kwa nyuma, kwa hiyo huingiza mguu ndani ya kiota au tundu la mti na kupapasa. Akining'inia kwenye viota vya mnana huku akipiga mabawa, weka 1/1600 na usubiri atulie, kwa sababu anaweza kukaa hapo dakika kadhaa. Kwa picha huyu ndiye mkarimu kuliko wote.

Mwewe halisi, Milvus aegyptius, anajulikana kwa mkia wa panda anaoupinda huku na huku akielea. Mdomo wa aliyekomaa ni wa njano. Huyu kweli huchukua vifaranga, pamoja na nyama mnadani na machinjioni. Mvua za kwanza zikinyesha mwangalie kwa kumbikumbi: huwadaka kwa makucha na kuwala akiwa hewani bila kutua. Mdogo mweupe mwenye mabega meusi, anayesimama hewani akipiga mabawa juu ya shamba, ni Elanus caeruleus, mla panya, na mkulima anayempiga mawe anajidhulumu. Ukipoteza njiwa wa kufuga, shuku Accipiter melanoleucus: sentimita 46 hadi 58, mgongo mweusi, kwa kawaida kifua cheupe, mpenzi wa mikaratusi mirefu.

Wawili wengine si vipanga ila hunasa watu. Kekeo wa kijivu ana mistari ya upana tumboni, huruka kama kipanga na hufukuzwa na ndege wadogo kama kipanga. Mtazame mdomo, ni mwembamba usio na ndoano. Na kelele nyingi mchana ndani ya mwembe huenda ni za kumsakama bundi mdogo, Glaucidium perlatum, mwenye alama mbili kama macho kisogoni.

Kelele hizo ndizo zinazokuambia uinue kamera. Ndege mwenye kichwa cheusi na njano chini ya mkia, ambaye wengine humwita shore, ndiye wa kwanza kupiga ukelele. Jogoo akiona kitu cha angani hutoa mlio mrefu mmoja, na vifaranga hukimbilia chini ya mama yao. Ukimya wa ghafla kwenye sinia una maana ile ile. Chunguza pia chini ya miti: rundo la manyoya yaliyong'olewa mazima na vikonyo vyake ni kazi ya kipanga, na huenda akarudi kunyonyolea hapo hapo. Yenye vikonyo vilivyotafunwa ni ya paka.

Akizoea mno kuvamia sinia lako, acha kumwaga nafaka kwa wiki mbili, ndege watatawanyika naye atahama. Vifaranga viwe chini ya tenga au ndani ya banda lenye wavu kwa wiki sita za mwanzo. Kumtega au kumkamata kipanga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Usicheze milio yake kwenye simu kumwita, na kiota chenye mayai au makinda kisisogelewe kwa ajili ya picha. Mama akiondoka, mayai yanachomwa na jua na kunguru anayaona.

Kila picha unayoibakiza iandikie tarehe, saa, mtaa, alikuwa anawinda nini na alilia vipi. Ukizipeleka eBird au iNaturalist (tovuti za kuweka kumbukumbu za ndege na viumbe wengine), kumbuka kuwa mwaka 2024 jenasi ya Accipiter, yaani kundi linalobeba neno la kwanza la jina la kisayansi, iligawanywa: badius na minullus wamehamia Tachyspiza, na melanoleucus sasa ni Astur, kwa hiyo utakutana na majina yote mawili. Programu inayokisia jina kwa picha isikubaliwe mpaka kiuno na mkia vikubaliane nayo. Weka pia picha mbaya ya mkia, si ile nzuri ya uso peke yake, na kama kiota kinaonekana nyuma, ficha mahali kilipo kabla ya kuituma.